Wapiga gitaa wa Mwanza na ubishi wa pedali ya RAT

Pedali ya RAT, kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa, ina nobu tatu (vitufe vya kuzungusha) na swichi moja ya kukanyaga, lakini kati ya vifaa vyote vinavyopita miguuni mwa wapiga gitaa wa Mwanza sijaona kingine kinachowagawa watu kiasi hiki. Mpiga solo wa bendi ya hoteli upande wa Capri Point atakwambia kwamba tangu aipate hajahitaji pedali nyingine ya kukwaruza sauti. Kijana anayepigia kwaya huko Igoma ataapa kwamba ni kelele tupu, na kwamba anayeisifia hajawahi kuisikia ndani ya kanisa lenye paa la bati. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyeanza kupiga rithimu wakati dansi la Jumamosi lilipokuwa burudani kuu ya mji, hutikisa kichwa na kuuliza kwa nini mtu alipie kifaa cha kuchafua sauti ambayo mafundi wamehangaika kuisafisha. Wote hao wana masikio mazuri. Nimepiga pamoja nao, nimewaazima pedali yangu na kuwasikiliza wakiitumia, na ninaamini kwamba tofauti yao inaanzia nje ya kile kiboksi cheusi: inaanzia kwenye amplifaya, miksa au spika inayoipokea sauti, na kwenye muziki ambao kila mmoja wao analipwa kuupiga.

Kwa asiyeijua, RAT ilibuniwa mwaka 1978 katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, na Scott Burnham, alipokuwa na kampuni ya ProCo. Kampuni hiyo ilifahamika pia kwa kutengeneza waya za sauti za jukwaani. Toleo la RAT 2, ambalo ndilo linaloonekana zaidi kwetu, lilianza mwaka 1988 na lina taa ndogo ya kuonyesha kwamba pedali imewashwa. Nobu zake zimeandikwa Distortion, Filter na Volume. Ya kwanza huongeza mkwaruzo, ya tatu huongeza ukubwa wa sauti inayotoka, na ya katikati ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko yote ninayoyasikia, kwa sababu inafanya kazi kinyume cha mazoea. Katika pedali nyingi ukizungusha nobu ya toni kwenda kulia sauti inakuwa kali zaidi. Katika RAT ukiizungusha kulia sauti kali zinakatwa. Mtu anayeijaribu mara ya kwanza husikia makali, huzungusha kushoto ili ayapunguze, yakazidi, kisha huirudisha pedali kwa mwenyewe akiwa ameshatoa hukumu.

Pedali hii ya nobu tatu inaweza kufanya kazi nyingi kutokana na jinsi ilivyoundwa ndani. Gitaa hutoa umeme mdogo mno, na umeme huo huingia kwenye chipu ya kukuza, ambayo katika matoleo ya kwanza ilikuwa LM308. Nobu ya Distortion ikiwa imerudishwa kushoto kabisa, chipu hiyo haikuzi karibu chochote na sauti hupita takriban kama ilivyoingia. Ikisukumwa kulia hadi mwisho, hesabu ya saketi inafikia ukuzaji wa desibeli 67 hivi, yaani zaidi ya mara 2,000, ingawa chipu yenyewe haina uwezo wa kuutoa ukuzaji huo kwa sauti zote. Kutoka hapo mawimbi hukutana na diodi mbili (vijisehemu vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizounganishwa na ardhi ya saketi, ambazo hukata kila kilele kinachovuka kama nusu volti na kidogo juu yake. Kilele kilichokatwa ndicho sikio linachokisikia kama mkwaruzo.

Kuna mambo mawili mengine yanayoipa RAT sauti yake, na ambayo wabishi wengi hawayataji. La kwanza ni kwamba saketi haikuzi sauti zote sawasawa: sauti zilizo juu ya mitetemo 1,500 hivi kwa sekunde hupata msukumo mkubwa kuliko zile za chini, na ndiyo maana pigo la kucha au la piki husikika likiuma hata katikati ya ngoma na kinanda. La pili ni kwamba LM308 ni chipu ya polepole. Umeme unaotoka ndani yake hauwezi kupanda haraka kuliko takriban volti 0.3 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, kiwango ambacho kwa mhandisi wa vifaa vya muziki safi kingekuwa aibu. Hapa uvivu huo unasaidia, kwa sababu ukuzaji unapokuwa mkubwa chipu inashindwa kuzifuata sauti kali kabisa na kuzilainisha kabla hazijafika kwenye diodi. Matokeo yake ni mkwaruzo mzito, wenye nyama, unaoanzia ovadraivu nyepesi, yaani mkwaruzo mdogo, pale nobu inapokuwa chini, ukapita kwenye distoshani ya roki, yaani mkwaruzo mzito, nobu ikifika katikati, ukaishia karibu na fuzi ya zamani, mkwaruzo mchafu kuliko yote, nobu inapofika mwisho. Hiyo ndiyo maana ya kusema pedali hii ina matumizi mengi, na ninakubaliana na wanaosema hivyo.

Pedali nyingine za rika la RAT zilichukua njia nyingine. Tube Screamer ya Ibanez, iliyotoka mwaka 1979, imeziweka diodi zake ndani ya mzunguko wa chipu, kwa hiyo sehemu ya sauti safi huendelea kusikika chini ya mkwaruzo, na sauti za kati husukumwa mbele. Ni pedali ya kistaarabu. Wapigaji wa sifa na blues wanaipenda kwa sababu hiyo, na wanapoihamia RAT wanailaumu kwa kukosa adabu. DS-1 ya Boss, ya mwaka 1978, hukata vilele kwa diodi za ardhini kama RAT, lakini sauti zake za kati zimebonyea, na mtu akipiga solo na bendi nzima gitaa linatoweka. Nimeona hilo likitokea mara nyingi kiasi kwamba siipendekezi kwa mpiga solo wa jukwaani, hata kama chumbani kwake inasikika vizuri.

Turudi kwa yule mzee wa rithimu, maana hoja yake inastahili kujibiwa kwa heshima. Muziki aliokulia nao, ule wa Mbaraka Mwinshehe na wa Franco, uliojaa kwenye santuri na redio za kanda hii, umejengwa juu ya magitaa yanayoitikiana. Solo, rithimu na besi kila moja hushika kipande chake, na utamu unatokana na msikilizaji kuweza kuvitofautisha vyote kwa wakati mmoja, hasa wimbo unapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu. Ukisogea kaskazini kwa kufuata ufuko wa ziwa hadi Mara, unakutana na benga, ambayo D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, aliipiga hadi ikamfanya maarufu pande zote mbili za mpaka. Humo gitaa la solo humjibu mwimbaji kwa sauti kavu, kali na safi, kila noti ikisimama peke yake. Mzee huuliza: pedali ya kukwaruza itaongeza nini hapo? Hunipa gitaa, huniambia nipige mapambo ya noti mbili mbili yale ambayo kila mpiga solo wa dansi anayajua, kisha hukanyaga RAT na kuniangalia usoni.

Ninakiri kwamba kinachosikika ni matope, na sababu yake ni ya kifizikia. Noti mbili zikikwaruzwa pamoja, kifaa huzaa noti nyingine ambazo hazikupigwa, mojawapo ikiwa na mitetemo inayolingana na tofauti kati ya zile mbili. Chukua A yenye mitetemo 220 kwa sekunde na C# iliyo juu yake, ambayo kwa vile frethi za gitaa zilivyopangwa ina mitetemo 277 na kidogo. Tofauti yao ni 57 hivi. A ya chini kabisa ambayo ingepatana nazo ina mitetemo 55, kwa hiyo noti hiyo ya mzimu inatoka ikiwa imekengeuka, na inaunguruma chini kabisa mahali ambapo besi inajaribu kufanya kazi yake. Ukibadilisha C# ukaweka E, yenye mitetemo karibu 330, tofauti inakuwa takriban 110, ambayo ni A nyingine isiyo na kasoro ya kusikika. Hapo ndipo unaelewa kwa nini wapigaji wa roki hushikilia ile mishiko ya noti mbili za umbali wa tano, na kwa nini mapambo ya dansi, yanayopenda umbali wa tatu na wa sita, huvunjika yakikanyagiwa distoshani nzito. Mzee hakuhitaji hesabu hizo ili afike kwenye hukumu yake.

Hata hivyo sikubali pale anapoongeza kwamba gitaa la kukwaruza ni la Wazungu na halina nafasi Afrika. Majirani zetu wa Zambia, katika miaka ya 1970, walikuwa na bendi kama WITCH na wanamuziki kama Paul Ngozi, waliojenga muziki mzima juu ya magitaa ya fuzi na kuuimba pia kwa lugha za kwao. Mkwaruzo una kwao hapa barani, ila haukupitia dansi la Tanzania kwa wingi. Na kwa upande mwingine wa hoja, John Scofield wa Marekani amekuwa akiitumia RAT kwa miaka mingi katika jazi, muziki ambao mishiko yake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni tata kuliko ya kwetu, na mtu humsikia kila noti. Anaweza kwa sababu kwenye mistari ya solo anapiga noti moja moja, na anapotaka mshiko hupunguza nguvu kwa mkono na kwa nobu ya gitaa lenyewe. Nilipoishusha Distortion hadi karibu na mwanzo, nikapandisha Volume na kumwomba mzee apige noti moja moja kwenye kibao anachokipenda, alipiga muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Chemko lilipoingia aliizima kwa mguu bila kusema neno, na alikuwa sahihi.

Sasa kijana wa Igoma. Malalamiko yake ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi, kwa sababu hali yake ndiyo ya wapigaji wengi wa jiji hili: hana amplifaya. Kanisa lina miksa, spika mbili kubwa zilizosimama kwenye miguu ya chuma, na waya mrefu unaotoka jukwaani. Gitaa linaingia kwenye pedali, pedali inaingia kwenye miksa, na miksa inalipeleka moja kwa moja kwa waumini. Kwa kinanda na sauti za waimbaji mpangilio huo hauna shida. Kwa distoshani ni balaa, na mtu akiisikia RAT kwa mara ya kwanza kupitia njia hiyo ana haki ya kusema ni nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Spika ya amplifaya ya gitaa, ile ya inchi 12, kwa kweli ni spika duni ukiipima kwa viwango vya muziki wa redio. Ikivuka mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde uwezo wake unaporomoka. Waliounda pedali za kukwaruza, RAT ikiwemo, walizisikiliza kupitia spika za aina hiyo, na wakazoea kwamba vijisauti vikali vinavyozaliwa vilele vinapokatwa vitafia humo. Spika za ukumbi zina twita, yaani spika ndogo ya sauti kali, na twita imetengenezwa ili isipoteze chochote hadi mitetemo 15,000 na zaidi. Kila kijisauti ambacho spika ya gitaa ingekimeza, twita inakirusha ukumbini, kisha paa la bati na kuta za saruji zinakirudisha. Pedali haijabadilika hata chembe. Kilichoondolewa ni chujio ambalo mbunifu alilichukulia kuwa lipo.

Hapo ndipo ile nobu ya Filter, inayolaumiwa kwa kuwa kinyume, inapoonyesha thamani yake. Saketi yake ni nyepesi mno, rezista na kapasita moja, lakini upana wake ni mkubwa: ikiwa kushoto kabisa inaachia kila kitu sikio linachoweza kusikia, na ikiwa kulia kabisa inaanza kukata kwenye mitetemo 475 hivi. Pedali chache za kundi lake zina nobu ya toni inayoweza kuzama kiasi hicho. Mbele ya amplifaya ya gitaa mtu huiweka kabla ya katikati na kuridhika. Mbele ya miksa ninaipeleka hadi karibu robo tatu ya mzunguko, na wakati mwingine kupita hapo, mahali ambapo mwenye amplifaya angesema sauti imezibwa na blanketi. Kisha ninamwomba fundi mitambo apunguze sauti za juu kwenye chaneli yangu peke yake. Baadhi yao hukubali mara moja. Wengine hukuambia kwamba chaneli zote zimeshawekwa na hawagusi kitu, na hapo unabaki na Filter yako kama silaha pekee.

Kijana ana lalamiko la pili ambalo lilinichukua muda kulielewa. Anasema pedali ikiwa imewashwa gitaa lina uhai, hata kama ni uhai wa kelele, lakini akiizima gitaa linakufa: linasikika dogo, butu, kama limefunikwa. Wenzake walimwambia kwamba pedali ni mbovu au ni nakala. Jibu liko kwenye miksa. Pickup ya gitaa la kawaida, kile kinasa kilicho chini ya nyuzi, inahitaji kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kama megaohm 1, ili sauti zake kali zisimezwe. Mlango wa kawaida wa miksa una ukinzani wa makumi machache ya maelfu ya ohm, na mara nyingine chini ya hapo. RAT ikiwashwa inasimama katikati: inalipokea gitaa kwa ukinzani mkubwa na kulipeleka mbele kwa nguvu inayoiwezesha miksa kulisikia vizuri. Ikizimwa, swichi yake inaliunganisha gitaa na miksa moja kwa moja, na pickup inaelemewa. Dawa yake ni kiboksi cha DI (cha kuunganisha gitaa na miksa) cha aina inayotumia umeme, au karibu pedali yoyote ya Boss baada ya RAT, kwa kuwa hizo huendelea kuipitisha sauti kwenye saketi yake ya kuipa nguvu hata zikiwa zimezimwa. Kijana alikuwa na tuna ya Boss, pedali ya kupimia nyuzi, kwenye begi. Tuliiweka mstarini na lalamiko hilo likaisha, ingawa la kwanza bado analo, na simlaumu, kwa sababu bati la kanisa lao halijabadilika.

Mwenye nafasi ya kununua kitu kimoja zaidi na anunue pedali ya kuiga kabati la spika, ambayo hukata sauti za juu kwa namna ileile ambayo spika ya inchi 12 ingezikata. Asiye na nafasi hiyo anaweza kuazima amplifaya ndogo ya mazoezi na kuisimamishia maikrofoni mbele yake. Mbinu hii wapigaji wengi wa Mwanza wanaidharau kwa sababu amplifaya ndogo inaonekana ya kitoto jukwaani, lakini kwa masikio yangu inashinda kuingia miksa moja kwa moja.

Na mpiga solo wa Capri Point? Yeye ana bahati ambayo wenzake hawana. Bendi yake inamiliki amplifaya ya zamani ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) yenye spika moja ya inchi 12, na hoteli ina jukwaa la wazi linalotazama ziwa, bila ukuta wala paa la kurudisha sauti. RAT yake ina Distortion chini ya robo na Volume juu, na kazi kubwa ya kukwaruza inafanywa na valvu zenyewe, pedali ikizisukuma tu. Usiku mmoja huanza na rumba, huingia kwenye vibao vya Kizungu ambavyo wageni wa hoteli huviomba, na humaliza kwa bongo fleva iliyopangwa upya kwa bendi. Kwa kazi hiyo, pedali inayoweza kutoka ovadraivu nyepesi hadi roki nzito kwa kuzungusha nobu moja ni mkombozi wa kweli. Anaposema hahitaji nyingine ninamwamini. Anaposema kwamba wasioipenda hawajui kupiga, ninamkumbusha kwamba amplifaya si yake.

Kuna ubishi mwingine ambao huchukua muda mrefu kuliko unavyostahili, nao ni wa chipu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 RAT nyingi zimetengenezwa kwa chipu ya OP07 badala ya LM308, na wapo wanaoamini kwamba roho ya pedali iliondoka na chipu ya zamani. OP07 nayo ni ya polepole, kwa kiwango kinachokaribia kile cha LM308, na Distortion ikiwa chini ya nusu sijakutana na mtu aliyeweza kuzitofautisha bila kuonyeshwa. Ikiwa juu kabisa labda kuna tofauti ndogo kwenye sauti za juu. Ndani ya ukumbi wenye watu wanaocheza na kuagiza vinywaji, tofauti hiyo haipo. Nakala za Kichina zenye kasha dogo, zinazoletwa na wafanyabiashara pamoja na nyuzi na piki, mara nyingi hufuata saketi ileile, na ninazozijua zimenipendeza kwa sauti kuliko kwa uimara wa swichi.

Umeme unaleta fitina yake. RAT za sasa hutumia adapta ya volti 9 yenye hasi katikati, na kwa kuwa chipu inaweza kukuza mara nyingi mno, uchafu wowote wa umeme unakuzwa pamoja na gitaa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na adapta ya bei rahisi isiyochuja vizuri huacha mvumo wa mizunguko 100, ambao ukisukuma Distortion unageuka kuwa noti inayodumu wimbo mzima. Jenereta likiwashwa katikati ya harusi mambo huzidi, hasa pedali ikichangia adapta moja na pedali ya mwangwi ya kidijitali, ambayo huongeza mluzi wake mwembamba juu ya mvumo. Wengi husema RAT ina kelele kwa asili. Iweke kwenye betri, uisikilize tena, ndipo useme. Betri inadumu vizuri, mradi jeki ya upande wa gitaa ichomolewe shughuli ikiisha, maana jeki hiyo ndiyo inayoiwasha saketi hata kama taa imezimika. Unyevu wa ziwani nao hula nobu polepole, zikaanza kukwaruza kwa maana isiyokusudiwa na mtengenezaji. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ikipulizwa ndani na nobu ikazungushwa huku na huku, hurudisha hali.

Wapiga besi nao wameanza kuiulizia, na maoni yao ndiyo yanayonifurahisha zaidi kwa kuwa hawana mapokeo ya kuyatetea. Mmoja wao, anayepiga huku Nyegezi na kikundi cha wanafunzi, aliijaribu akasema imeiba besi yake. Ameisikia vizuri: Distortion ikiwa juu, saketi inazipendelea sauti zilizo juu ya mitetemo 1,500, na uzi wa chini wa besi unaopigwa wazi una mitetemo 41 tu kwa sekunde, mahali ambapo pedali hii haikuelekezwa. Alichofanya ni kuigawa sauti njia mbili: moja safi kutoka kwenye besi hadi miksa kupitia DI, nyingine kupitia RAT ikiwa na Filter kulia, na fundi mitambo akazichanganya, ile ya mkwaruzo ikiwa chini sana. Ukiwa katikati ya ukumbi husikii distoshani yoyote. Unasikia besi ambayo ghafla inaonekana hata kwenye spika ndogo za nyuma, zile ambazo kwa kawaida hazitoi besi kabisa, kwa sababu sauti za juu zilizozaliwa na mkwaruzo zinaliambia sikio noti iko wapi. Mpiga rithimu wao alimwomba aizime, akidai inamwingilia, na hadi ninapoandika hawajaafikiana.